Umeokoka, Sasa Rudi Nyumbani: Mwongozo wa Kuishi Imani Hapo Hapo Ulipo

Baada ya kila mkutano mkubwa wa injili, waamini wapya huanza kubisha hodi kwa wachungaji, na maswali yao hufanana. Mume wangu hasali, nimwache? Nafanya kazi baa, niache leo? Babu bado anatambika, nihame pale nyumbani? Nimeishi na huyu mwanamke miaka na miaka bila ndoa na tuna watoto, nimrudishe kwao?

Inasikitisha kwamba wengine hawasubiri jibu. Mtu anaokoka Jumapili, Jumatano amekwisha kugombana na shemeji, Ijumaa yuko mkesha wakati mtoto ana homa, na mwezi haujaisha ukoo mzima unasema dini hii mpya imekuja kubomoa nyumba. Nauandika mwongozo huu kwa ajili yake, na kwa ajili ya wazee wa kanisa, wachungaji na makatekista wanaomlea.

Waamini wa Korintho walimwuliza Paulo maswali ya namna hiyo hiyo. Mji wao ulikuwa wa biashara, wenye bandari mbili, mahekalu ya miungu mingi, na watumwa wengi. Jibu la Paulo liko katika 1 Wakorintho sura ya 7, na kati ya aya ya 17 na ya 24 analirudia mara tatu: kila mmoja akae katika hali aliyokuwa nayo alipoitwa. Aliyetahiriwa asijifanye hakutahiriwa. Mwenye mke asiyeamini, kama mke yu radhi kukaa naye, asimwache. Mtumwa asijione duni mbele za Mungu, ila akipata nafasi ya kuwa huru aitumie. Hiyo ya mwisho ishike vizuri, tutairudia mwishoni.

Yesu mwenyewe alifanya hivyo kwa yule mtu wa nchi ya Wagerasi aliyekuwa akiishi makaburini. Alipopona aliomba apande chomboni afuatane naye. Akakataliwa. Aliambiwa aende nyumbani, kwa watu wake, akawaeleze aliyotendewa (Marko 5:18-20). Ni watu wale wale waliokuwa wakimfunga minyororo.

Basi tuanze.

Hatua ya 1: Andika ulipo

Chukua daftari. Kabla hujaacha chochote wala kutangaza chochote, andika watu wote ambao maisha yako yamefungamana nao: mwenzi, watoto (hata wale wa nje), wazazi, wakwe, ndugu unaowasomesha, mwajiri, wafanyakazi wako, wanachama wenzako wa kikoba, majirani wa ukuta mmoja, wanaokudai, unaowadai. Andika pia kazi yako na namna unavyopata pesa, bila kuficha. Daftari hilo ni lako na Mungu wako.

Kisha weka alama moja kati ya tatu mbele ya kila mstari: naendelea, narekebisha, naacha.

Mwamini mpya hudhani safu ya "naacha" ndiyo itakayojaa. Kwa kawaida ni fupi. Iliyo ndefu ni "narekebisha". Soma Luka 3:10-14. Watoza ushuru walimwendea Yohana Mbatizaji wakitaka kujua wafanye nini, na kazi yao ilichukiwa na kila Myahudi. Hakuwaambia waache kutoza. Aliwaambia wasizidishe kiwango. Askari nao aliwaambia wasimdhulumu mtu, wasimsingizie mtu, watosheke na mshahara. Hakumvua mtu sare.

Vipo vya kuacha siku hiyo hiyo, na Maandiko hayasiti. Waefeso waliokuwa wakifanya uganga walileta vitabu vyao wakavichoma hadharani, vya thamani ya vipande 50,000 vya fedha (Matendo 19:19). Hawakuviuza kwa jirani ili hasara ipungue. Kama daftari lako lina hirizi, mchepuko, wizi wa umeme au cheti cha kughushi, usiandike "narekebisha". Lakini ukiona umemweka mama yako mzazi kwenye safu ya "naacha" kwa sababu ni wa dini nyingine, rudi usome upya.

Hatua ya 2: Lipa na uombe radhi kabla ya kushuhudia

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na mimi naiona ni moyo wa jambo lenyewe. Watu wanaokujua hawana haja ya kuelezwa kwamba umebadilika. Wana kumbukumbu. Yule uliyemkopa akuone unaimba kwaya huku pesa yake hujarudisha, wimbo wako unamchoma.

Zakayo hakuanza na kuhubiri. Alisimama nyumbani kwake akaahidi nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyemdhulumu kumrudishia mara nne (Luka 19:8). Hapa kwetu Afrika Mashariki tuna ushahidi wa karibu zaidi. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Kampala wakasoma na kuomba pamoja. Kutoka hapo, na kutoka hospitali ya misheni ya Gahini nchini Rwanda ambako Church alifanya kazi, moto wa Uamsho ulienea miaka ya 1930 hadi Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Wazee wetu waliouona wanakumbuka sana kitu kimoja: watu walirudisha vitu. Aliyeiba kwa mwajiri alirudisha, mwenye deni la zamani alilipa, waliokuwa hawasalimiani walitafutana. Tena, kwa sehemu kubwa, Walokole wale hawakuanzisha kanisa lao. Walibaki Waanglikana, Walutheri na Wapresbiteri katika makanisa yale yale waliyoyaona yamepoa, na mara nyingine viongozi wao hawakuwafurahia. Walibaki.

Namna ya kufanya ni hii. Anza na deni dogo unaloweza kulimaliza wiki hii. Nenda mwenyewe, usitume ujumbe wa simu kama mtu yuko unakoweza kufika. Taja kosa kwa jina lake: "Mzee, ile laki mbili ya mbolea nilikwambia imeibwa. Haikuibwa, niliitumia. Nimekuja na hamsini, na kila mwisho wa mwezi nitaleta hamsini nyingine." Usiseme "kama nilikukosea". Usitaje shetani, taja mkono wako. Usianze kumhubiria hapo hapo. Akikuuliza kilichokupata, mweleze kwa maneno machache. Akikataa pesa, mshukuru. Akikutukana, nyamaza, ana haki yake.

Ukiwa umebanwa na mikopo ya riba kali, hii ya kausha damu, usikope kwingine ili uonekane mwaminifu. Pangilia: chakula cha watoto, kodi ya nyumba, kisha madeni kwa zamu, na kila mdai ajue zamu yake. Mchungaji mwenye hekima hatakulazimisha uahidi sadaka kubwa ukiwa katika hali hiyo.

Angalizo kubwa liko kwenye kuungama hadharani. Dhambi yako ni yako kuisema, ya mwenzako si yako. Usisimame kanisani ukataja uliyezini naye, ana mume, ana watoto wanaosoma na watoto wako. Jambo la uzinzi lianzie kwa mchungaji au mzee mmoja anayejua kutunza siri, mshauriane lini na vipi mwenzi wako aambiwe. Na kama ulilofanya ni jinai, tafuta ushauri wa mwanasheria pamoja na wa kiroho, ili ukienda kusema ukweli uende ukijua unachokabili.

Hatua ya 3: Chini ya paa lako

Hapa nitakaa kidogo, maana nyumba nyingi zinaumia hapa.

Kwanza, mwenzi ambaye hajaamini. Mtume Petro anawaambia wake kwamba waume wasiotii neno wavutwe bila neno, kwa mwenendo (1 Petro 3:1-2). Bila neno! Yaani hata zile karatasi za mahubiri unazoziacha juu ya mto, na ile redio unayoifungulia kwa sauti ili "naye asikie", ziweke kando. Anachokiona mume wako ni hiki: tangu uokoke, chakula kinachelewa au hakichelewi? Unamjibu kwa dharau au kwa heshima? Siri zake zimefika kwenye kikundi cha maombi au zimekaa ndani?

Mkesha, kongamano, maombi ya kufunga siku tatu, vyote uvizungumze kabla. Mwambie mapema, si usiku ule ule umeshavaa kitenge na kushika Biblia. Akisema wiki hii hapana, subiri wiki ijayo. Mungu anakusikia hata jikoni. Na lile la faragha ya wanandoa, Paulo amelisema wazi katika 1 Wakorintho 7:5: msinyimane, isipokuwa kwa kupatana, kwa kitambo, ili mpate nafasi ya kuomba, kisha mrudiane. Kufunga kwa upande mmoja bila mapatano si utakatifu.

Pesa nazo. Kama fedha ni ya wote wawili, zaka yake izungumzwe na wote wawili. Kutoa kwa siri pesa ya kodi au ya ada kunaharibu jina la Kristo ndani ya nyumba hiyo kwa miaka. Toa kwanza katika kile kilicho chako mwenyewe, hata kikiwa kidogo.

Jambo la tatu ni mchungaji. Mheshimu, ila asigeuke kuwa sauti ya kwanza ndani ya ndoa yako. Mwanamume akisikia "mchungaji amesema" kila asubuhi, anasikia kwamba kuna mwanamume mwingine anayeongoza nyumba yake. Na kaka zangu mliookoka mkiwatangulia wake zenu, msidhani mafundisho haya ni ya wanawake tu. Kwako wewe yaanzie na mshahara kufika nyumbani, kurudi mapema, simu kulala mezani bila kufichwa, na kukaa na watoto wakati wa kazi za shule. Mkeo amesikia maneno yako mengi huko nyuma.

Kama mwenzi wako ni Mwislamu, kuna adabu ambazo hazigusi imani yako hata kidogo. Usiingize nguruwe wala pombe jikoni. Mwezi wa Ramadhani mwandalie futari na daku bila kununa. Sikukuu ya Idd pokea wageni wake kwa uso mkunjufu. Suala la watoto wafuate dini gani lizungumzeni wenyewe wawili kwanza, ndipo ukoo usikie, maana ukoo ukitangulia maridhiano huwa magumu. Kwa Wakatoliki, zungumza na paroko. Kanisa lina utaratibu wake kuhusu ndoa ya mseto, na una njia zaidi kuliko unavyofikiri.

Sasa wale wanaoishi pamoja bila ndoa. Ndugu yangu, mama wa watoto wako si dhambi ya kutupwa nje. Ukimrudisha kwao na masanduku yake ili wewe uingie kwenye ushirika, umefanya dhuluma mpya juu ya ile ya zamani. Rekebisha. Kaeni wawili, mkubaliane kama mnataka kuoana. Tuma mshenga kwa wazazi wake hata kama mmechelewa miaka kumi. Wazee hukasirika kidogo kisha hupanga tarehe. Mahari mkiipanga kwa awamu ni jambo la kawaida, na kwa Tanzania Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haibatilishi ndoa kwa sababu mahari haijalipwa. Sheria hiyo hiyo inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe angalau siku 21 kabla, na kifungu chake cha 160 kinawadhania wanandoa watu walioishi pamoja miaka 2 au zaidi wakijulikana hivyo kwa jamii. Kwa hiyo hata ukimfukuza, mahakama inaweza kukuambia ana haki zake.

Ukumbi, keki na kamati ya michango havihitajiki. Ibada ya asubuhi, mashahidi, pete mbili, pilau nyumbani, na mambo yameisha. Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu wapo watu wanaokaa nje ya meza ya Bwana miaka mingi wakisubiri pesa ya sherehe. Mchungaji mwenye washirika wa namna hiyo awaoze kumi kwa siku moja ikibidi.

Na mwenye wake wawili au watatu? Makanisa hayafanani hapa, hivyo uliza la kwako kabla ya kufanya lolote. Maaskofu wa Kianglikana duniani, kwenye mkutano wao wa Lambeth mwaka 1988, waliazimia kwamba mwanamume wa namna hiyo aweza kubatizwa na kuthibitishwa pamoja na wake zake na watoto wake walioamini, akiahidi kutooa tena maadamu mmoja wa wake zake yu hai, na asilazimishwe kumwacha mke yeyote kwa sababu ya madhila yatakayompata. Kanisa Katoliki linamtaka abaki na mmoja, lakini sheria yake ya mwaka 1983 inaagiza kwamba wale wengine watunzwe kwa haki na upendo. Angalia wanapokutana: popote, hakuna anayeruhusu mwanamke atupwe barabarani kwa jina la Yesu.

Hatua ya 4: Wazazi, ukoo na misiba

Yesu aliwakemea waliokuwa wakisema mali yao ni Korbani, wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi (Marko 7:9-13). Kemeo hilo linatugusa. Kama mama kijijini analala bila dawa ya presha na wewe unanunua viti vya kanisa, mpangilio umepinda. Paulo anasema asiyewatunza watu wa nyumbani mwake ni mbaya kuliko asiyeamini (1 Timotheo 5:8). Tenga kiasi cha wazazi katika bajeti kama unavyotenga zaka, kitume tarehe ile ile kila mwezi.

Msiba na tambiko ndiko mwamini hukwama. Ushauri wangu ni kutenganisha kuwapo na kushiriki. Fika mapema kuliko wote. Chota maji, pasua kuni, osha masufuria, toa rambirambi, lala chini na wafiwa. Saa ya kumwaga pombe kaburini au kuchinja kwa ajili ya mizimu ikifika, ukae pembeni kwa utulivu, na uwe ulishazungumza na mzee wa ukoo siku nyingi kabla: "Baba mkubwa, mimi ni wenu, nitabeba kila mzigo wa msiba huu. Kwenye ile sehemu ya kuwaomba waliotangulia, naomba uniruhusu nisiwepo mstari wa mbele, maana nimempa Yesu nafasi hiyo." Maneno haya yanasemwa faraghani, kwa kupiga goti kama ndiyo desturi yenu, kamwe si mbele ya umati. Mwamini aliyepasua kuni hueleweka. Anayekuja saa ya mazishi na gari, akatoa hotuba ya kukemea mapepo na kuondoka, hata ukweli aliosema hausikiki.

Naamani, jemadari wa Shamu, alikuwa na shida hii hii. Alipopona ukoma alikiri kwamba hatatoa tena sadaka kwa mungu mwingine, ila akamweleza Elisha hofu yake: bwana wake akiingia hekalu la Rimoni huegemea mkono wake, naye hulazimika kuinama pamoja naye. Elisha alimwambia aende kwa amani (2 Wafalme 5:17-19). Dereva anayempeleka bosi wake mahali asipopapenda, na binti anayemshika mkono bibi yake kuelekea kwenye kaburi la ukoo, wote wanaweza kupumua wakisoma aya hizo.

Upo pia mstari usiovukwa, na historia yetu inawajua waliousimamia. Miaka ya 1950, wakati wa vita vya Mau Mau, wapo Wakikuyu wa Uamsho waliokataa kula kiapo na pia wakakataa kubeba bunduki za serikali dhidi ya ndugu zao. Baadhi waliuawa. Walikuwa bado kijijini, kati ya watu wao.

Hatua ya 5: Kazini na sokoni

Imani ya mfanyabiashara hupimwa kwenye kipimo. Kisado kilichobonyezwa kitako, mzani uliokazwa, lumbesa inayomwibia mkulima juu ya gunia, nyanya nzuri juu na mbovu chini: hivyo ndivyo vya kuanza navyo kesho asubuhi, kabla ya kubandika "Yesu ni Bwana" kwenye kibanda. Wakala wa Vipimo wamekuwa wakiipiga vita lumbesa kwa sheria. Mkristo asingoje mkaguzi.

Aliyeajiriwa asimwibie mwajiri muda kwa jina la maombi. Saa za kazi ni za kazi, Biblia isomwe wakati wa chai. Ukidaiwa "kitu cha juu" kwenye zabuni, au bosi akitaka uandike risiti ya uongo, fuata njia ya Danieli. Hakupiga kelele ukumbini. Alimwomba msimamizi kwa adabu, akapendekeza jaribio la siku 10 la mboga na maji, akaacha matokeo yaseme (Danieli 1:8-16). Nawe nenda na pendekezo mkononi: "Bosi, hesabu hii naweza kuiandika hivi na bado tukapata tunachotaka." Ukishindwa kabisa, sema hapana ukiwa umekwisha kujiandaa kwa gharama yake.

Aliye kwenye baa au nyumba ya wageni yenye mambo yake asiruke bila kujua atakapotua, hasa kama kuna watoto wanaomtegemea. Weka tarehe ya kuondoka, weka akiba kidogo kidogo kwenye kikoba, tafuta mtaji wa kukaanga mihogo au kuuza mitumba, na mweleze mzee wako wa kanisa ili akusaidie kuitunza tarehe hiyo. Kanisa linalomwambia dada aache kazi leo linapaswa kumsaidia kula kesho. Lakini akilazimishwa kuuza mwili wake, hakuna tarehe ya kungoja, aondoke usiku huo na kanisa limpokee.

Mwajiri aliyeokoka naye, zamu yake imefika. Yule dada wa kazi anayelala jikoni na kuamka saa kumi, mshahara wake umelipwa lini? Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiwa unapiga kelele. Sheria ya Ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mapumziko ya saa 24 kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mpe Jumapili yake, akasali anakotaka, hata kama si kanisani kwako.

Hatua ya 6: Majirani

Kwa kifupi. Spika ya mkesha izimwe usiku, majirani wana wagonjwa na watoto wachanga. Pilau ya Idd ipokee kwa shukrani na sahani isirudi tupu siku ya Krismasi. Paulo aliwaandikia Warumi wakae kwa amani na watu wote kwa kadiri iwezekanavyo kwa upande wao (Warumi 12:18), na upande wako ndio unaoumiliki.

Hatua ya 7: Pale ambapo kukaa si agizo

Nilisema tutarudi kwa yule mtumwa. Paulo alimwambia akipata uhuru autumie, na kuhusu ndoa alisema asiyeamini akiondoka mwenyewe, mwache aende, ndugu hafungwi (1 Wakorintho 7:15). Kwa hiyo mtu yeyote asitumie mafundisho haya kumfunga mwanamke anayepigwa, mtoto anayenajisiwa au kijana anayetumikishwa. Kumwambia mama mwenye taya lililovunjika kwamba "avumilie, Mungu anamtengeneza mume" ni kumbebesha mzigo ambao Kristo hakumpa. Tanzania, kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo.

Ukiwa katika hali hiyo, usianze na kikao cha usuluhishi kanisani, hasa kikao cha kukukalisha mezani na anayekupiga. Anza na usalama: nyumba ya ndugu au mzee wa kanisa asiyeogopa, wewe na watoto pamoja. Nenda kituo cha polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto, chukua fomu ya PF3 uende nayo hospitali. Hali ikiwa mbaya tangulia hospitali, fomu itafuata. Kwa mtoto, piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, Tanzania na Kenya pia. Kumsamehe aliyekuumiza kunaweza kufanyika ukiwa mbali naye, na kumsamehe hakukuzuii kutoa ushahidi mahakamani.

Vitu vya kuweka tayari, kama bado hujaweza kutoka: kitambulisho, vyeti vya watoto kuzaliwa, kadi ya kliniki, nauli, na namba mbili za simu ulizozikariri. Viache kwa mtu wa kuaminika nje ya nyumba. Ukishajaziwa PF3 hospitalini, ipige picha kabla ya kuirudisha polisi, mtumie mtu huyo huyo, kisha uifute kwenye simu yako.